Lugha ya Kuanzia

Ujumbe wenyewe ulinifikia usiku, nami nimeinama juu ya tafsiri iliyokuwa imenishinda siku tatu. Ulitoka kwa mtoto wa kaka yangu, aliyeoa Morogoro akahamia Mikumi, na huko amekodi chumba kimoja kando ya barabara kuu, akakusanya kompyuta nne kuukuu ili afundishe vijana waliomaliza shule wakakaa. Aliandika hivi: "Shikamoo Shangazi. Nina vijana tisa ambao hawajapata kugusa kompyuta maishani mwao. Niwaanzishe kwa lugha gani?"

Nilimjibu papo hapo, bila ya kufikiri: "Kwa Kiswahili. Ipo nyingine?"

Akacheka kwa maandishi, kama wachekavyo vijana wa siku hizi, kisha akanieleza kwa adabu kwamba hakukusudia lugha za watu bali zile za kuandikia programu, ambazo kwazo mwanadamu huipa mashine amri moja baada ya nyingine mpaka kazi ikamilike. Lugha hizo ni nyingi, na kila mwalimu ana yake anayoitetea. Yeye alitaka kusikia rai ya mtu asiyefungamana na upande wowote. Tena, akasema, wewe Shangazi umezoea kuwafunza watu kutunga; nawe huanzia wapi?

Swali hilo la mwisho ndilo lililoniondolea usingizi. Sikuwahi kuingia darasa la kompyuta. Hata hii ninayoandikia nilijifunza mwenyewe, kwa kubonya na kujuta. Lakini suala la kumwanzishia mwanagenzi njia ninalijua, maana ugomvi wake umetugawa washairi kwa muda mrefu.

Wasomaji wa kurasa hizi watakumbuka. Sheikh Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na tangu hapo walimu wengi wakashika kwamba mwanafunzi ajue kwanza vina na mizani, ukwapi na utao, ndipo aitwe mtunzi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akachapisha Kichomi, mashairi yasiyofungwa na sheria hizo, na ubishi ukawaka. Wa upande mmoja walisema aliyeanza kwa shairi huru hataweza tena kukaa katika mizani. Wa upande wa pili wakasema aliyeanza kwa mizani atahesabu maisha yake yote na asiseme neno. Mimi nilikuwa mtoto wakati huo, ila moshi wa moto ule niliukuta ungali unafuka nilipoanza kutunga, nami umenichoma macho.

Basi mtoto wa kaka aliponisimulia ugomvi wa watu wake, niliona ni ule ule uliovaa nguo nyingine. Kuna lugha iitwayo BASIC, waliyoibuni John Kemeny na Thomas Kurtz katika chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1964, kwa ajili hasa ya wanaoanza. Mwaka 1975 mwanazuoni wa Kiholanzi, Edsger Dijkstra, akaandika kwamba ni vigumu mno kumfunza vyema mwanafunzi aliyetangulia kuonja BASIC, kwa kuwa akili yake imekwisha haribika. Mtu angedhani anasikiliza baraza la washairi wa mwambao! Kuna Logo ya mwaka 1967, iliyomfunza mtoto kumwongoza kobe achore pembetatu na duara. Kuna Pascal ya mwaka 1970, aliyoitunga Niklaus Wirth ili iwe ya darasani, yenye nidhamu na mpangilio. Kuna C ya mwaka 1972, ambayo mashabiki wake husema anayetaka kuogelea atupwe kilindini. Kuna Python, aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991, ambayo maneno yake ni machache na mistari yake husomeka. Na kuna Scratch, iliyotoka chuo cha MIT mwaka 2007, ambayo mtoto haandiki kitu bali hupanga vipande vya rangi mfano wa matofali, na maneno ya juu ya vipande hivyo yanapatikana pia kwa Kiswahili.

Nilipofika hapo, kwa kuwa kazi yangu ni kufasiri, nikatoa hukumu. Nilimwandikia kwamba jambo liko wazi. Kama Scratch ni ya kitoto kwa vijana wa miaka 18, basi achukue hiyo Python, nami nitaifasiri.

"Utaifasiri nini, Shangazi?"

"Maneno yake yote."

Msomaji asinicheke mapema. Nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe inanigusa. Mimi skuli iliniacha njiani kwa Kiingereza. Hesabu nilikuwa naiweza, historia nilikuwa naipenda, lakini siku ile Kiswahili kilipogeuka kuwa somo moja tu kati ya masomo, na mengine yote yakasemwa kwa lugha ya wageni, nilinyamaza. Aliyenyamaza darasani huhesabiwa mjinga. Kiingereza nilikipata baadaye, peke yangu, kwa kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliyochanika jalada, na nikaishi kwa kukitafsiri. Hata hivyo, sikuwahi kusahau kule kunyamaza. Nilipowaza vijana tisa wa Mikumi wakikodolea kioo kilichojaa Kiingereza, nilijiona mwenyewe.

Aidha, nilikuwa na mfano wa kutia moyo. Nchi hii, ambayo mwaka 1974 Serikali yake ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, ndiyo hiyo hiyo ambayo miaka 30 baadaye, Desemba 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye amri za Kiswahili. Nakumbuka tulivyofurahi kuona faili, hariri na hifadhi juu ya kioo. Ikiwa ofisi ilifasirika, kwa nini lugha ya programu isifasirike?

Python ina maneno maalumu 35, ambayo mtumiaji haruhusiwi kuyatumia kwa kazi nyingine. Nikayachukua yote, pamoja na mengine kadhaa ya kawaida yasiyokuwa katika orodha hiyo, nikakaa nayo wiki nzima. Lile la sharti nikalipa "ikiwa", maana "kama" lina kazi mbili na lingeleta utata. Lile la marudio nikalipa "maadamu", nikajipongeza. Lile la kuamuru maandishi yatokee kiooni likanikosesha raha: "chapa" linanukia kiwanda, "andika" linamhusu mwandishi na si mashine, "onyesha" linafaa picha. Nikachagua "toa". Nilipomaliza niliandika orodha kwa hati nzuri, nikaitia katika bahasha, nikaamua kuipeleka mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa Juni, mwaka 2025.

Nilivuka kwa boti ya asubuhi, na Dar es Salaam nikapanda treni mpya ya umeme iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, nikateremka Kilosa. Mji huu umezoea reli. Reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, hupita hapo, na katika miaka ya 1960 lilijengwa tawi linalokwenda kusini hadi Kidatu kwa kupitia Mikumi. Mimi kutoka Kilosa nilichukua gari ndogo. Dereva aliita vituo vyake kwa sauti, na alipotamka "Ulaya! Wa Ulaya wajiandae!" nilidhani ananitania. Kumbe ni kijiji. Anayetoka Kilosa kwenda Mikumi hupita Ulaya, na humo nilimwona mama anauza ndizi na watoto wanasukuma baiskeli iliyopakiwa mkaa. Nilicheka peke yangu, na bahasha yangu pajani. Niliona fahari kwamba ninavuka Ulaya nikiwa na Kiswahili mkononi.

Mikumi ni mji wa malori. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia hukata mbuga kwa takriban kilomita 50, na madereva wakishatoka katikati ya wanyama hupenda kusimama wale. Chumba cha darasa kilikuwa nyuma ya mabanda ya mama lishe. Vijana walinipokea kwa heshima, "Shikamoo mama," mmoja baada ya mwingine. Nikawagawia orodha yangu, nikaisoma na kueleza kila neno, na wakapiga makofi.

Asiyepiga makofi alikuwa msichana mmoja aliyekaa kompyuta ya mwisho, ile iliyopasuka kioo pembeni. Mama yake alikuwa na banda la chakula pale nje. Binti alimaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, na matokeo yake hayakuwa ya kusimulia. Mtoto wa kaka alikuwa amenidokeza kwamba Agosti angepelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani kwa watu, na kwamba yeye mwalimu alikuwa amemwahidi mama mtu: ikiwa binti ataweza kuandika programu ndogo ya kuweka hesabu, atambakiza hapo na kumlipa kidogo kidogo. Mama alikubali kusubiri mpaka mwisho wa Julai.

Nilimfuata nikamuuliza iwapo hakulipenda neno gani. Akainamisha macho, akasema kwa sauti ya chini: "Mama, maneno haya ni mazuri. Lakini hata yale ya Kiingereza ni 35 tu. Hayo nitayakariri kwa siku mbili. Kwani 'treni' na 'shati' tulizijuaje?"

"Sasa kigumu ni kipi?"

Akabonya kitufe. Kioo kikajaa maandishi mekundu, mistari sita ya Kiingereza. "Ni haya," akasema. "Nikikosea inanigombeza, na mimi sijui inanigombezea nini."

Nilisimama pale nikiwa sina la kusema. Mtoto yule alikuwa ameona kwa siku chache nilichoshindwa kukiona kwa wiki nzima ya kazi. Maneno ya amri ni majina tu. Huokotwa njiani na kutiwa mfukoni, kama tulivyookota meza kwa Wareno na gari kwa Wahindi. Mtoto wa kaka aliyekulia bara husema "shule", iliyotoka kwa Wajerumani, nami nasema "skuli", iliyotoka kwa Waingereza, na dawati tulilokalia ni moja. Hata sisi washairi tunaojivunia uasilia, shairi lenyewe na beti zake tumezipata kwa Waarabu. Wala Kiingereza si kisima: neno wanalolitumia kwa utaratibu wa kutatua tatizo hatua kwa hatua wamelipata katika jina la al-Khwarizmi, mwanahesabu wa Baghdad wa karne ya 9. Kuokota hakujamdhuru mtu.

Zaidi ya hayo, orodha yangu ingewadhuru. Kijana anayejifunza "maadamu" yangu hatakuta "maadamu" pengine popote duniani. Kila mfano atakaousoma, kila programu atakayoiazima, kila mtu atakayemwomba msaada atatumia yale 35 ya wenyewe. Mwaka 2012 Ramsey Nasser alibuni lugha ya programu iitwayo Qalb, iliyoandikwa kwa Kiarabu chote, akitaka dunia ione namna ulimwengu wa programu ulivyofungwa katika Kiingereza. Kazi yake naihusudu. Lakini yeye alikuwa akitoa hoja mbele ya dunia, na mimi nilikuwa nimeletwa kumsaidia binti wa mama lishe aliyebakiwa na wiki saba.

Usiku ule nikaitia orodha katika bahasha, nikamwomba mtoto wa kaka anionyeshe makosa yote ambayo mwanagenzi hukosea, na maneno ambayo mashine husema kila kosa linapotokea. Hayakuwa mengi. Alinihesabia 11 ambayo, kwa uzoefu wake, ndiyo yanayorudi kila siku. Tukaketi kuyafasiri juu ya karatasi kubwa ya kubandika ukutani.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko ile ya kwanza, kwani sasa nilikuwa natafsiri sauti. Mashine inapokutana na jina isilolijua, husema kwa Kiingereza kwamba jina hilo halijafafanuliwa. Nikaandika: "Umetumia jina ambalo hujanitambulisha." Mtoto wa kaka akalipenda. Nafasi zinapokosewa mwanzoni mwa mstari, maana Python hutaka mistari iliyo chini ya sharti isogezwe ndani, kama tunavyosogeza kiitikio katika baadhi ya maandiko, nikaandika: "Sijui mstari huu ni wa nani, usogeze chini ya mwenyewe." Mabano yasipofungwa: "Ulifungua mlango, hukuufunga."

Tulibishana juu ya kichwa cha karatasi. Yeye alitaka "Makosa Yako". Mimi nikasema hapana. Tukaandika kwa herufi kubwa: SIJAELEWA. Yaani mashine ndiyo isemayo, na mashine ndiyo ikirio kutoelewa. Wala si uongo. Mashine haimjui aandikaye kuwa ni mwerevu au mjinga. Ilichopewa hakilingani na inachokijua, basi. Ila anayesoma "umekosea" na anayesoma "sijaelewa" hawaketi kitini kwa namna moja.

Asubuhi binti aliisoma ile karatasi kutoka juu hadi chini, kisha akaangua kicheko. "Kumbe nayo haielewi!" Ndipo nilipoisikia sauti yake kwa mara ya kwanza.

Siku zilizofuata nilikaa nyuma ya darasa nikitazama. Jioni moja mwalimu alikosa zoezi, akaniomba nitoe mimi. Nikasema: mfundisheni mashine kuhesabu mizani. Sikujua kama inawezekana. Lakini Kiswahili chetu kina tabia njema, kwamba silabi zake aghalabu huishia kwa irabu. Basi amri ikawa fupi: chukua neno, pitia herufi zake moja moja, na kila ukikuta a, e, i, o au u, ongeza moja. Kwa Python ni mistari mitano. Wakaandika, wakaijaribu kwa majina ya kwao. Kilosa, tatu. Kimamba, tatu. Ulaya, tatu. Mikumi, tatu. Kidatu, tatu. Vijana wakashangilia kama waliofunga goli.

Binti wa kompyuta iliyopasuka akaandika "Mkata", uwanda ule mpana ambao treni hupita kabla ya Kilosa. Mashine ikajibu: mbili.

"Imekosea," akasema.

Mwenzake akamwambia mashine haikosei.

"M-ka-ta," akasema yeye, akihesabu kwa vidole. "Tatu." Akaandika jina la mto wa Kilosa, Mkondoa. Mashine ikasema tatu. "M-ko-ndo-a. Nne. Imekosea tena. Haijui 'm'."

Laiti ningeweza kumwonyesha msomaji uso wake alipoyasema hayo. Huyu ndiye aliyeambiwa miaka minne kwamba hana akili, akasadiki. Sasa ameketi mbele ya kitu alichokiogopa, na ni yeye anayekijulisha. Akaongeza sharti: "m" ikifuatwa na konsonanti, nayo ihesabiwe. Ikakataa "mwalimu", akaona mwenyewe kwamba "w" hainyimi "m" mwenza, akaitoa. Mkata ikawa tatu, mtu ikawa mbili, mbuyu ikawa tatu. Kisha akaandika "mbuzi", na mashine ikasema tatu.

Akanigeukia. "Mama, kwa nini mbuyu 'm' yake inahesabiwa, na ya mbuzi haihesabiwi? Zote si zinafuatwa na 'b'?"

Nimetunga mashairi zaidi ya miaka 30. Sijawahi kukosea mizani ya mbuyu wala ya mbuzi, na sijawahi kujiuliza kwa nini. Sikio lilinitosha. Nikamwambia sijui, tulale nalo. Kesho yake alikuja na jibu kabla sijamaliza chai. Alikuwa ameliwaza akimsaidia mama yake kuosha vyombo: mbuyu mmoja, mibuyu miwili, mbuzi mmoja, mbuzi wawili. Mtu, watu. Mti, miti. "Ile 'm' inayoondoka kwenye wingi ndiyo inayohesabiwa. Ya mbuzi haiondoki, imeshikana na 'b' yake." Ndiyo sababu "mtu mbaya" na "njia mbaya" hazilingani mizani ingawa "mbaya" zimeandikwa sawasawa: mtu mbaya wakiwa wengi huwa watu wabaya, na njia mbaya hubaki njia mbaya.

Kama kuna kitabu kilichonifunza zaidi juu ya lugha yangu kuliko kikombe kile cha chai, sikumbuki.

Sasa nirudi kwa swali la mtoto wa kaka, maana aliniuliza kwa nia njema na anastahili jibu. Kwa watoto wadogo, wasioandika kwa wepesi, vipande vya Scratch ni heri, hasa kwa kuwa vinasema Kiswahili. Kwa vijana wanaojua kusoma na kuandika ningemwambia ashike Python, si kwa kuwa ni bora kuliko zote, bali kwa kuwa mistari mitano inatosha kumfikisha mwanafunzi kwenye swali lake mwenyewe. C ingemchosha kabla ya kufika kwenye "mbuzi". Kama kesho itatoka nyingine inayofika upesi zaidi, na aishike hiyo. Ubishi huu nilioudhani mkubwa naona sasa ni mdogo, na ule wa vina na mizani nao pengine ulikuwa mdogo kuliko kelele zake. Mtunzi chipukizi aliyeanza kwa tarbia na aliyeanza kwa shairi huru wote hufika, iwapo alikuwapo mtu wa kuwaambia kwa lugha wanayoielewa kwa nini ubeti huu umelemaa.

Na hilo ndilo jibu langu lenyewe. Jibu la pupa nililotoa usiku ule lilikuwa sahihi, ingawa sikujua usahihi wake uko wapi. Ianze na Kiswahili. Maneno ya mashine yabaki yalivyo. Kinachotakiwa kuwa cha Kiswahili ni maelezo, ni swali, ni kosa na marekebisho ya kosa.

Huko Kidatu, linakoishia lile tawi la kutoka Kilosa, reli ya kati hukutana na reli ya TAZARA iliyojengwa na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975. Hukutana, lakini hazishikani. Upana wa moja ni milimita 1,000 na wa nyingine milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, hata vidole vinne haijafika, na kwa ajili yake behewa la huku haliwezi kupita kule. Mizigo haina budi kuteremshwa na kupakiwa upya. Mimi nilikuwa nimekwenda Mikumi nikitaka kung'oa reli ya watu niilaze yetu. Kazi ya mfasiri ni kusimama hapo Kidatu na kuhamisha mizigo, na kuangalia isivunjike.

Ningependa kumalizia kwa kusema binti alibakia Mikumi. Hakubakia. Programu ya hesabu aliimaliza, na ilikuwa nzuri, lakini katikati ya Julai mama yake aliugua, banda likafungwa, na fedha ya Dar es Salaam ikawa ya lazima. Alipanda basi siku ya Jumapili. Mtoto wa kaka alinipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Nilimwambia maneno ya kumtuliza ambayo mwenyewe sikuyaamini. Lugha ya kwanza iwe ipi, haiondoi njaa nyumbani kwa mwanafunzi, na sisi tunaogombana juu yake tukumbuke hilo.

Mwezi Septemba ukaingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Alikuwa ni yeye, kwa simu ya kuazima. Hana kompyuta, anaandika programu zake katika daftari usiku baada ya kazi, na akipata simu huzijaribu humo. Baada ya salamu aliandika hivi:

"Mama, ile kanuni yetu ya wingi imevunjika. Mbwa mmoja, mbwa wawili. 'M' haiondoki, lakini nikisema m-bwa nasikia mbili. Kwa nini?"

Nimekaa na daftari langu. Ninadhani ninalijua jibu: neno la Kiswahili hutaka mkazo wake uangukie silabi ya pili kutoka mwisho, na neno lenye silabi moja peke yake halina mahali pa kuuweka, hivyo "m" husimama iupokee. Lakini sitamwandikia hivyo. Nitamwuliza kwanza juu ya "nchi", ningoje atakachojibu.